Kaunta buku ya getini

Kila nikihamia saiti mpya kitu cha kwanza nachonunua kwa hela yangu mwenyewe ni kaunta buku ya kwaya tatu. Helmeti, buti na refleksta mkandarasi atatoa, tutavutana kidogo lakini atatoa, ila kaunta buku simwombi mtu. Usiku nyumbani naipigia mistari: majina matatu, anakotoka, amekuja kufanya kazi gani, simu yake, simu ya ndugu, sahihi ya kuingia, sahihi ya kutoka. Asubuhi saa 11 na nusu niko getini kabla foromani hajaanza kuchagua deiwaka, wale vibarua wa kutwa, na havuki mtu pale kabla hajaandikwa, hata kama gari la zege limeshafika na linanguruma barabarani.

Huu ni mwaka wangu wa 11 kwenye sefti ya ujenzi, yaani usalama wa watu saiti, Dar na mikoani. Wiki iliyopita injinia mmoja kijana aliniuliza kwa heshima kabisa, "Dada, hii si kazi ya ofisi ya utumishi?" Nikamjibu kifupi maana kreni ilikuwa inaingia na mi ndo nilikuwa nasimamia njia yake. Jibu lenyewe ni refu, na nimeona niliandike hapa kwa sababu naona vijana wengi wanaingia kwenye hii fani sasa hivi, wanasoma kozi, wanapata vyeti, alafu wanafika saiti wanaambiwa kazi yako ni kupiga picha watu wasiovaa helmeti.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa msaidizi tu. Saiti ilikuwa Dar, mwezi wa nne, masika yamekolea, na tulikuwa tunachimba mtaro wa bomba la maji taka, kina kama mita mbili na nusu, upana wa mtu mmoja kuinama na sururu. Kazi ilikuwa imechelewa hivo foromani akaongeza deiwaka, kati yao kijana mmoja ambaye tulikuwa tunamwita Mgeni. Alikuja Jumatatu na kwa kuwa hakuna aliyemjua watu wakamwita Mgeni, naye akaitika. Mchapakazi, hana maneno mengi, mchana anakula wali maharage kwa mama ntilie wa getini alafu anakaa kwenye kivuli cha kontena anachezea simu.

Jumatano asubuhi nilipita pale nikaona udongo uliochimbwa umerundikwa palepale ukingoni, na kuta za mtaro zimesimama wima bila mbao wala kitu chochote, na chini kuna maji ya mvua ya usiku. Nikaona. Nikaandika kwenye daftari langu ili niingize kwenye ripoti ya wiki ambayo nilikuwa nawasilisha Ijumaa, kwa sababu ndo utaratibu nilioukuta, na kwa sababu nilikuwa naogopa kumwambia foromani mwenye umri wa baba yangu asimamishe kazi. Saa nane mchana ukuta wa upande mmoja ukateremka.

Watu wasiojua hii kazi wanafikiri mtaro unaua kwa kumfunika mtu kichwa. Mgeni alifunikwa mpaka kifuani tu, kichwa na mikono vilikuwa nje, alikuwa anatuangalia. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na ukilowa unazidi hapo, yaani ni kama umeegeshewa gari dogo kifuani. Kila unapotoa pumzi kifua kinanywea, udongo unaijaza ile nafasi, pumzi inayofuata haina pa kuingia. Tulichimba kwa mikono na makoleo, mtu mmoja akataka kuleta ekskaveta wazee wakamkatalia na walikuwa sahihi, ule mtetemo ungeshusha na ukuta wa pili. Tulimtoa. Tulimpakia kwenye pikapu ya saiti, mimi nikakaa nyuma nimemshika kichwa, na njiani kwenye foleni akatulia.

Mapokezi ya hospitali wakaniuliza jina la mgonjwa. Nikasema Mgeni. Wakauliza Mgeni nani. Nikampigia foromani, foromani akasema muulize fundi bomba, fundi bomba akasema muulize foromani. Saiti nzima, watu wasiopungua 60, hakuna aliyekuwa anajua yule kijana anaitwa nani wala katoka wapi wala nani wa kumpigia. Kwenye orodha ya mishahara palikuwa na watu 14 tu wa kudumu. Wengine wote walikuwa ni namba, "deiwaka 46" kwenye karatasi ya malipo ya jioni, hesabu basi.

Simu yake nilikuwa nayo mimi, imefungwa kwa mchoro, imepasuka kioo. Nikakaa nayo kwenye benchi la hospitali nikisubiri mtu yeyote ampigie. Ilipofika kama saa moja usiku ikaita, kwenye kioo imeandikwa Maza. Nikapokea, na kabla sijasema kitu yule mama akaanza, "Mwanangu hela imefika, nimeshaitoa, Mungu akubariki baba." Ilikuwa ni sauti ya mtu aliyechoka na aliyefurahi. Mimi ndo nikawa mtu wa kumwambia. Walikuwa Kondoa, na wakati namweleza hata jina la mwanae nilikuwa silijui, nikawa nasema "kijana wako", "kijana wako", mpaka yeye mwenyewe katikati ya kilio akalitaja.

Kuhusu yaliyofuata nitasema machache. Mkandarasi alitoa gari na sanduku na mchango wa msiba, na watu wakamsifu kwamba ana utu. Lakini nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015, mwajiri ndo anachangia na mfanyakazi hakatwi hata shilingi, na mtu akifa kazini wategemezi wake wana haki ya kulipwa. Mama yule wa Kondoa alikuwa mtegemezi kama kuna mtu anaitwa hivo. Ila ili haki itembee lazima uonyeshe kwamba huyu mtu alikuwa mfanyakazi wako siku ile, na hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, lakini mdomo uliofunga ule mkataba ulikuwa wa foromani, na baada ya mazishi foromani hakutaka kukumbuka. Mi nilikuwa mdogo, sijui pa kuanzia, sikuandika maelezo yangu siku ileile wakati kumbukumbu ni mbichi na mashahidi bado wapo. Sasa hivi naandika kabla damu haijakauka, nawaambia vijana wangu hivyohivyo, na sioni kama ni ukatili.

Ndo maana naanzia kwenye jina. Na ukianza kuandika majina unagundua vitu ambavyo hakuna kozi itakufundisha. Unagundua kwamba mtu aliyekuja leo ndo yupo kwenye hatari kubwa kuliko wote, hajui shimo liko wapi, hajui waya upi una umeme, hajui ile mbao ya jukwaani inacheza, na anaona aibu kuuliza kwa sababu akionekana hajui kesho hachaguliwi. Kwenye buku yangu jina jipya nalizungushia duara jekundu, na mtu wa duara jekundu siku ya kwanza hapandi juu, hashuki mtaroni, hashiki grainda. Anatembezwa saiti nzima na mtu anayeijua, anaonyeshwa choo, maji, sanduku la huduma ya kwanza na pa kukimbilia. Mwanzoni maforomani walilia sana, "Dada unanipunguzia watu." Nimezoea hicho kilio. Wawili kati yao leo wanafanya hivohivo kwenye saiti zao bila mimi kuwepo.

Unagundua pia umri. Kijana anakwambia miaka 19 na sura inakwambia 15, na jina alilotaja silo lililopo kwenye kitambulisho cha kaka yake alichokuja nacho. Hao narudisha, na roho inauma kwa sababu najua anakwenda saiti ya jirani ambako hawaulizi.

Machi 29, 2013, ilikuwa Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar lilianguka na watu 36 walifariki. Nilikuwa bado nasoma. Nakumbuka redioni swali lilikuwa moja siku nzima, chini mle kuna wangapi? Novemba 16, 2024 lilipoanguka lile la Kariakoo nilikuwa tayari na uzoefu wa miaka, na swali likawa lilelile, wangapi, akina nani, ndugu wamesimama nje ya utepe wanataja majina wenyewe. Sababu za jengo kuanguka ni za wahandisi na tume, mimi nasema tu habari ya mle ndani. Mwokoaji anatakiwa aambiwe wamebaki saba, wanne upande wa ngazi, majina haya. Bila orodha anachimba kwa kukisia na hajui lini aache.

Sasa helmeti. Sijasema helmeti haina kazi, nimeona tofali likidondoka kutoka ghorofa ya tatu na mtu akainuka akajipangusa vumbi. Lakini kwenye mpangilio wa kazi yetu helmeti ni ya mwisho. Kwanza unajiuliza, hii hatari naweza kuiondoa kabisa? Kama siwezi, naweza kubadilisha namna ya kufanya? Kama siwezi, naweza kuweka kizuizi kati ya mtu na hatari? Alafu ndo maelekezo na mabango, alafu mwisho kabisa ndo unamvalisha mtu kitu. Saiti nyingi zinaanzia mwisho kwa sababu helmeti ni bei rahisi na inapiga picha vizuri.

Mfano wa hanisi, ule mkanda wa kuzuia mtu asianguke. Kuna saiti moja ya ghorofa saba nilifika nikakuta kila fundi wa nondo amevaa hanisi, mpya kabisa, za rangi ya chungwa, nikafurahi. Siku ya tatu nikapanda juu bila kusema na mtu, nikakuta kamba zote zimening'inia mgongoni, ndoano imebanwa kwenye mkanda wenyewe. Sikufoka. Nikakaa pembeni ya mzee mmoja fundi nondo, nikampa shikamoo, nikamuuliza mzee wangu mbona hivi. Akaendelea kufunga waya, koleo inazunguka, akasema, "Mwanangu, hizi tunazifunga wewe ukija. Tuangalizie wewe, hapa nizifunge wapi?" Nikaangalia. Kweli. Nondo za nguzo zimesimama peke yake, hazijamwagiwa zege, zinayumba ukizishika. Mirunda ya jukwaa imefungwa kwa kamba. Hapakuwa na kitu hata kimoja juu pale ambacho kingebeba mtu anayeanguka. Tulikuwa tumewavalisha mkanda na hatukuwapa pa kuufunga, alafu kwenye ripoti tunaandika asilimia 100.

Na hata ukiwa na pa kufunga kuna hesabu. Kamba ya kawaida ina urefu wa mita mbili hivi, kile kipande cha kupunguza mshtuko kinafunguka mpaka mita moja na robo tatu, ongeza urefu wa mtu mwenyewe na nafasi kidogo ya usalama, unakuta unahitaji zaidi ya mita sita za hewa tupu chini ya pale ulipofunga. Mtu akiwa ghorofa ya kwanza amefunga miguuni, mkanda utaanza kumshika wakati ameshafika chini. Kinachomsaidia pale ni reli ya ukingoni, mbao mbili imara, ya juu usawa wa kiuno au zaidi kidogo, na ubao wa chini wa kuzuia vitu visidondoke. Haihitaji mtu akumbuke chochote. Ipo tu. Tuliweka reli, kwa kule juu kabisa tukavuta waya wa chuma kati ya nguzo zilizokwisha kukauka, na yule mzee ndo aliyetuonyesha nguzo zipi. Baada ya hapo nilikuwa naona kamba zimefungwa hata nikichungulia kutoka barabarani.

Kila ninachojua cha maana kwenye hii kazi nimekipata hivo, kwa mtu aliyeamua kuniambia ukweli. Kozi nimesoma, ile ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inayoitwa NOSHC nimesoma, na zingine za nje pia, na nawashauri vijana wasome. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya 2003 nimeisoma mpaka kurasa zimechakaa, na ni sheria nzuri, inataka saiti isajiliwe, inataka wawakilishi wa usalama wa wafanyakazi wenyewe, inataka watu wapimwe afya. Lakini fundi anayekuogopa atakuficha kidole kilichokatika akifunge na kitambaa. Niliyaona haya kwa macho. Jamaa alificha kwa sababu foromani aliahidi bonasi kwa timu isiyo na ajali mwezi mzima, na yeye hakutaka wenzake wakose. Toka siku ile siafiki bonasi za kutokuwa na ajali.

Kusimamisha kazi nako kuna bei yake na lazima ujue kabla hujaingia. Mara moja nilisimamisha zege la slebu, ile sakafu ya ghorofa, magari mawili yakiwa getini, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha usiku na propu za upande mmoja, zile nguzo za muda zinazobeba slebu, zilikuwa zimekaa kwenye tope bila mbao pana chini, ukizitikisa zinazama. Zege la kwenye gari haliwezi kukusubiri, kama saa moja na nusu tangu lichanganywe unaanza kuhesabu hasara. Bosi alinipigia simu, sitayaandika aliyoniambia. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini nilikuwa nimeshapiga picha, nimeshamwita injinia wa konsalta, na mafundi wa shata, wale wa mbao za kushikilia zege, walikuwa wamesimama nyuma yangu kimya. Gari moja lilirudi. Tulipanga propu upya, tukamwaga jioni chini ya taa. Kuna Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981 unaosema mfanyakazi akijitoa kwenye hatari kubwa ya wazi asiadhibiwe, na Juni 2022 shirika hilohilo liliweka mazingira salama ya kazi kwenye haki za msingi kabisa za mfanyakazi. Nimeyaprinti nimeyabandika kwenye kontena langu, na siku kama ile nayasoma kwa sauti.

Bei ya kazi yetu inaanza kuliwa mbali sana na saiti, kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei za mradi. Sefti inawekwa mstari mmoja, jumla fulani, pamoja na geti na bango la mradi, na mkandarasi anayetaka kushinda kwa bei ndogo anajua mteja hatalalamika akipunguza hapo. Mteja akisoma hapa, naomba uvunje huo mstari. Mbao za kuzuia mitaro peke yake, reli peke yake, vyoo peke yake, maji ya kunywa peke yake, na ulipie kwa kuona kipo. Na vyoo naviandika kwa makusudi, kuna akina mama wanabeba maji na kokoto kwenye saiti zetu wanashinda bila kunywa kitu toka asubuhi kwenye jua la Februari, kwa sababu hakuna pa kwenda.

Kuna mambo yanaumiza polepole siwezi kuyamaliza leo. Vumbi la kukata zege na vigae linaloharibu mapafu na lisilotoka tena. Saruji mbichi inayochoma magoti ya fundi aliyepiga magoti kutwa nzima na suruali imelowa, anadhani ni mchubuko, usiku ngozi imetoka. Masikio. Hayo yanahitaji makala yake.

Mama wa Kondoa tunaongea, si mara nyingi. Idi huwa napiga. Mwaka juzi aliniuliza bado nafanya kazi ile ile, nikamwambia ndiyo mama, akanyamaza kidogo akauliza, "Na siku hizi mnawaandika?" Nikamwambia tunawaandika.

Kwenye saiti niliyopo sasa buku ya kwanza imejaa, ina majina 412 na wengi wao walifanya kazi siku mbili tatu wakaondoka. Miezi mitatu nyuma kijana mmoja alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mguu, na kabla gari halijafika nilikuwa nimeshampigia mke wake, akaniambia ana pumu, na dawa yake ya kuvuta ipo kwenye mfuko wa begi jeusi. Ilikuwepo. Kesho tunamwaga slebu ya ghorofa ya tano, foromani amesema atahitaji deiwaka 30 wa ziada, na wengi watakuwa wageni. Nimeshapiga mistari kwenye buku ya pili, kalamu nyekundu ninazo mbili.